Maji ya Unguja na Pemba: maswali ya mara kwa mara kuhusu chemchem, mapango na nchi ya maweni

Maswali haya huulizwa na watu wa namna nyingi: wanafunzi wenye kazi ya jiografia, wageni wa kutoka bara, wenye viwanja vya pwani, hata wenyeji waliozaliwa juu ya mawe wasijue maji ya kisima chao yanatoka wapi. Majibu hayalingani urefu, kwa kuwa mambo yenyewe hayalingani uzito.

Mvua Unguja si haba. Mbona kusini na mashariki hakuna hata mto mmoja?

Si haba kweli. Wastani wa mwaka unakaribia milimita 1,600, nyingi zikishuka wakati wa masika, Machi hadi Mei, na nyengine katika vuli, Oktoba hadi Disemba. Upande wa mashariki hupata pungufu, lakini si ukame wa kufukuza watu. Suala si mvua, ni mwamba inayoangukia.

Unguja ni kama visiwa viwili vilivyoshonwa pamoja. Magharibi na katikati, kuanzia ukanda wa Masingini kuelekea kaskazini, kuna udongo wa kina, vilima vya chini na mabonde. Huko ndiko kwenye karafuu, minazi na mpunga. Mashariki na kusini ni maweni: mwamba wa matumbawe ya kale uliobaki nchi kavu bahari ilipoteremka. Sehemu ya mwamba wa pwani ni ya kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ukiuangalia kwa karibu utaona mifupa ya matumbawe yenyewe, na maganda ya chaza yaliyoganda ndani ya jiwe.

Mwamba huo umejaa matundu, nyufa na mashimo. Maji ya mvua yana asidi kidogo, na kila yanapopita yanamumunya chokaa na kupanua njia. Ndiyo maana mvua ya kishindo ikipiga Jambiani au Makunduchi, muda mfupi baadaye unatafuta dimbwi hulioni. Hakuna mto kwa sababu hakuna maji yanayopata nafasi ya kukimbia juu ya ardhi.

Mpaka wa nchi hizi mbili unaonekana hata ukiwa ndani ya daladala. Ukitoka mjini kwenda Paje, ukishaipita Tunguu, minazi na miembe inapungua, vichaka vinashuka kimo, na mawe meusi yenye ncha yanaanza kutokeza pembeni mwa barabara.

Maji yakishaingia ardhini yanakwenda wapi?

Yanashuka mpaka yakutane na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hivyo hayachanganyiki upesi. Yanakaa juu, tabaka nene katikati ya nchi na jembamba kadiri unavyokaribia pwani.

Kuna kanuni moja inafaa kila mwenye kisima aijue. Kwa kila mita 1 ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Inasikika kuwa ni neema, na kweli ni neema, lakini ipindue uone. Ukivuta kwa pampu mpaka uso wa maji ushuke nusu mita na ubaki hapo, chumvi chini yako inatafuta kupanda mita 20. Karibu na ufukwe tabaka zima la maji baridi halifiki unene huo. Kwa hiyo kisima cha kamba na ndoo kimeweza kunywesha mtaa kwa vizazi, na kisima cha pampu kilichochimbwa jirani yake kikageuka chumvi katika muda mfupi. Maji ni yale yale, tofauti ni jinsi yanavyotekwa.

Ni kweli visima vya pwani vinapanda na kushuka kwa kufuata bahari?

Ni kweli. Tofauti ya kujaa na kupwa katika bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, hapa inafika kiasi cha mita 4, na msukumo huo unapita ndani ya mwamba. Bahari ikijaa, maji ya kisima yanainuliwa. Ikipwa, yanateremka. Hupishana na bahari yenyewe kidogo, kwa sababu msukumo huchukua muda kufika, na kadiri unavyoingia bara ndivyo unavyofifia.

Wanaoteka kila siku hawahitaji kuelezwa. Wanajua saa ya kwenda na ndoo, wanajua siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, kisima kinatulia, na wanajua kisima kipi kinakuwa cha chumvichumvi mwisho wa kaskazi kabla masika hayajaanza. Ukitaka kujua umri wa kisima, usitazame maji. Pitisha kidole kwenye ukingo wake. Vile vya zamani vina michirizi iliyochimbwa na kamba kwenye jiwe, myengine ya kina cha kidole kizima.

Nimeona maji yanatoka mchangani bahari ikipwa. Ni ya kunywa?

Hayo ni maji ya mvua yanayomalizia safari yake. Tabaka nililolieleza juu lazima limwagike mahali, na linamwagika chini ya ufukwe. Bahari ikirudi nyuma utayaona yanachirizika kwenye nyufa za mwamba, ni ya baridi kuliko maji ya kidimbwi kilicho kando yake, na mahali hapo mwani wa kijani huota zaidi. Kunawia miguu sawa, kunywa hapana: yameshachanganyika na chumvi, na yamepita chini ya vyoo vya kijiji kizima.

Kwani Unguja hakuna mito kabisa?

Ipo, upande wa udongo. Mwera, Kipange na Zingwezingwe ndiyo inayotajwa zaidi. Mwera ndio wa ajabu kidogo: unakusanya maji ya vilima, unapita kwenye mabonde ya mpunga, halafu ukifika kwenye mwamba wa matumbawe unamezwa. Haufiki baharini kwa macho. Mtoto wa darasa la nne akiulizwa mto Mwera unaingia bahari gani, jibu la haki ni kwamba unaingia ardhini.

Chemchem za Bububu na Mtoni zina nini mpaka zikajengewa majumba?

Zina maji yasiyokauka, karibu na bandari. Kwa karne ya kumi na tisa hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko mandhari yoyote.

Chemchem hizi zinatoka pale udongo wa vilima vya Masingini na Kidichi unapokutana na uwanda wa pwani. Maji yanayopenya mlimani yanakuta tabaka za udongo wa mfinyanzi zisizopitisha, yanateleza juu yake, na yanatokeza chini ya mteremko. Kwa hivyo hapa maji yanapatikana juu ya ardhi, wakati kusini unayafuata chini.

Seyyid Said, sultani wa Omani, alipouhamishia utawala wake Unguja kutoka Maskati, kasri lake la mwanzo lilikuwa Mtoni, kando ya kijito, na jengo hilo lilianza mwaka 1828. Meli zilikuwa zikija hapo kujaza maji. Bibi Salme, binti wa Said aliyekuja kuolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, alizaliwa katika kasri hilo mwaka 1844. Leo umebaki ukuta na hamamu, yaani vyumba vya kuogea. Ukisimama kwenye hamamu hizo utaelewa kwamba nyumba nzima ilipangwa kwa kufuata maji. Juu zaidi, Kidichi, Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Lipu ya ndani ina nakshi za maua na mitende, na chini ya sakafu palikuwa pakiwashwa moto. Mtu akiwa na nusu siku tu ya kutazama mambo haya, mimi ningemwambia aende Kidichi aache magofu ya kasri la Maruhubi.

Kisha akaja Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Mji Mkongwe wakati huo ulikunywa maji ya visima vifupi vilivyochimbwa katikati ya nyumba na vyoo, na kipindupindu kilikuwa kimeshaupiga vibaya. Barghash akayaleta maji ya chemchem kutoka upande wa Bububu hadi mjini kwa mifereji na mabomba, watu wakawa wanateka. Hamamu za Hamamni mjini nazo ni za utawala wake. Kasri la Maruhubi alilijenga 1882, likaungua 1899, na nguzo zake bado zimesimama pamoja na mabaki ya mfereji wa mawe na mabirika. Watu hupiga picha nguzo na kuondoka. Mfereji ndio wenye habari zaidi.

Chemchem hizi hazijastaafu. Bado mji unazitegemea, ingawa idadi ya watu na visima vya kuchimbwa vimezidi hesabu ya Barghash mbali sana. Msitu wa Masingini umehifadhiwa kwa sababu hiyo hiyo: kata miti juu ya kilima, na bomba la mjini litakwambia.

Mangapwani ni pango la maji au pango la watumwa?

Ni vitu viwili, na vinachanganywa kila siku, hata na wanaotembeza wageni. Kuna pango la asili la matumbawe, lenye bwawa la maji baridi chini, ambalo watu wa hapo waliyatumia maji yake. Masimulizi yanasema liligunduliwa na kijana mtumwa aliyekuwa akitafuta mbuzi aliyepotea, akamsikia analia chini ya ardhi. Mbali kidogo na hapo kuna chumba kilichochongwa na watu ndani ya mwamba, chenye paa na ngazi, kilichotumika kuwaficha watumwa baada ya biashara hiyo kwa njia ya bahari kupigwa marufuku mwaka 1873. Nenda kote kuwili, lakini usiviite jina moja.

Kuumbi inasemwa ina mambo ya miaka elfu ishirini. Ni kweli?

Ni kweli, na ni katika mambo ninayotamani yafundishwe zaidi skuli. Pango la Kuumbi liko Jambiani, ndani ya maweni, mbali kidogo na bahari. Mwanaakiolojia Felix Chami alichimba hapo katikati ya miaka ya 2000, na timu nyengine ikafuata mwaka 2012. Tabaka za chini zimetoa zana za mawe na mifupa ya wanyama, na umri wake unarudi nyuma kiasi cha miaka 20,000.

Katika mifupa hiyo mna ya punda milia na nyati. Wamefikaje Unguja? Kwa miguu. Wakati huo barafu ilikuwa imeyashika maji mengi ya dunia, na usawa wa bahari ulikuwa chini kwa kiasi cha mita 120. Mkondo kati ya Unguja na bara, sehemu kubwa, hauzidi mita 50 kina. Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na Jambiani ya leo ilikuwa mbuga. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda, kisiwa kikajitenga, na wanyama wakubwa wakatoweka mmoja mmoja.

Ndani ya pango lenyewe utashuka kwenye uwazi ambao paa lake limeporomoka. Mizizi ya miti imening'inia kutoka juu, myembamba, migumu, imenyooka kuelekea chini kwenye unyevu. Kuna popo, kuna harufu yao, na kuna maji. Pia kuna vitambaa na vyetezo, jambo linalotupeleka kwenye swali linalofuata.

Naambiwa mapango na chemchem zina wenyewe. Nikitaka kuingia nifanye nini?

Uliza kwanza. Katika vijiji vya kusini sehemu nyingi za namna hii ni mizimu, yaani mahali pa kuombea pa jadi, na kuna mvyale, mtu wa ukoo unaoangalia mahali hapo, ambaye ndiye anayejua nani aingie na wakati gani. Wavyale hao hao ndio waliokuwa wakiombwa ruhusa kabla ya kufyeka pori la kulima, na ndio wenye sehemu yao katika Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, Makunduchi, kila Julai. Watu huenda na ubani, udi, maji ya waridi, kitambaa, wakaombea ugonjwa, uzazi au safari.

Wako Waislamu wanaoliona jambo hili halifai, na mabishano ya namna hiyo utayasikia hata ndani ya baraza moja. Si kazi yako mgeni kuyaamua. Vaa nguo za heshima, usivue vitambaa vilivyofungwa, usichukue kigae wala mfupa, usipige kelele. Mimi naona, mambo ya imani ukiyaweka kando, miiko hii imefanya kazi moja nzuri sana: mahali pasipoingiwa ovyo ndipo maji yalipobaki safi na miti haikukatwa.

Mapango ya kuogelea je?

Yapo yaliyofunguliwa kwa wageni upande wa Paje na Jambiani, kwa kiingilio. Maji yake ni ya baridi, yanaonekana mpaka chini. Oga kwanza, futa mafuta ya jua na manukato mwilini. Bwawa la pango halina mto wa kulisafisha, na maji yale yale ndiyo yanayopita kuelekea visima vya chini.

Watu wa maweni wanalima nini kwenye mawe?

Wanalima mifukoni. Katikati ya mawe kuna mashimo yaliyojaa udongo mwekundu au mweusi, mengine ya ukubwa wa sinia, mengine ya ukubwa wa chumba. Jembe la mpini mrefu halina kazi hapo, wanatumia mtaimbo na panga. Wanafyeka, wanachoma, wanapanda mtama, kunde, choroko, mihogo, tungule na pilipili, na baada ya misimu michache wanaliacha pori lirudi. Kuzunguka shamba hupangwa ukuta wa mawe usio na saruji wa kuzuia nguruwe mwitu. Mkulima anayemiliki mashimo kumi mazuri anajihesabu ana shamba.

Sehemu isiyofaa kilimo inatoa kuni, mawe ya kujengea na chokaa. Hapo pana shida: pori linalokatwa kwa tanuri la chokaa halirudi haraka kwenye mwamba mtupu.

Jozani kuna maji gani?

Jozani ni bonde lililo chini, na maji ya ardhini yamekaribia uso wake. Katika masika kali msitu unafurika na njia za miguu zinazama. Ndiyo maana miti yake ni mirefu wakati vichaka vinavyoizunguka vinafika kiunoni. Ukielekea upande wa Ghuba ya Chwaka, maji baridi yanaachia nafasi maji ya chumvi na unaingia kwenye mikoko. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na wengi huja kwa ajili ya kima punju. Watazame, halafu utazame na chini unapokanyaga.

Pemba nayo iko hivyo hivyo?

La. Pemba ni kisiwa chengine kabisa, na Mpemba atakuwa wa kwanza kukukumbusha. Mkondo kati ya Pemba na bara una kina kinachofika kiasi cha mita 800, kwa hivyo bahari iliposhuka Unguja ikaungana na bara, Pemba ilibaki peke yake. Matokeo yake unayaona angani: popo mkubwa wa Pemba hapatikani kwengine duniani, na zipo aina nne za ndege wa namna hiyo, mmoja wao bundi.

Ardhi yake ni vilima vilivyokatwakatwa na mabonde membamba, udongo mzito, mvua zaidi ya Unguja. Waarabu wa kale waliiita kisiwa cha kijani. Kila bonde lina kijito au kinamasi, na kila kinamasi kina mpunga. Mikarafuu iko juu ya vilima, mpunga uko chini, na chemchem iko pale viwili hivyo vinapokutana. Msitu wa Ngezi, karibu na Konde, una vijito na madimbwi yake ndani ya miti mikubwa.

Isipokuwa Micheweni. Kaskazini mashariki, Pemba nayo inageuka maweni, na maisha ya huko yanafanana na ya Jambiani kuliko ya Wete: mawe yanavunjwa kwa nyundo, mvua inapotea chini, na ndoo inabebwa mbali.

Maji ya pango au kisima ni salama kunywa?

Kuwa maangavu si kuwa safi. Udongo wa kina huchuja, mwamba wenye nyufa hauchuji. Kinachoingia katika shimo la choo kinaweza kufika kisimani bila kupita kwenye chochote cha kukizuia. Chemsha, au tia dawa. Usishangae birika la chai kufanya ukoko mweupe na sabuni kukataa kutoa povu: hiyo ni chokaa ya mwamba, haina madhara, inaudhi tu.

Nimenunua kiwanja pwani ya mashariki. Nichimbe kisima?

Ulizia kwanza kibali Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, na waulize majirani maji yao yako vipi mwezi wa Februari, si mwezi wa Mei. Kila mtu ana maji matamu mwezi wa Mei. Usikubali fundi anayeuza mita: kwenye maweni, kuchimba zaidi ni kuifuata chumvi. Vuta kidogo kidogo, kwa pampu ndogo, ujaze tangi usiku na mchana badala ya kunyonya kwa saa moja.

Choo kiwe na tangi lililojengwa na kuzibwa chini, mbali na kisima na upande wa baharini kwake. Kuna nyumba ya wageni niijuayo iliyofanya kinyume, choo juu na kisima chini, na wageni wakaanza kuumwa matumbo kabla ya rangi ya ukuta kukauka. Kisha weka mabati, michirizi na birika la kuhifadhia mvua. Paa la mita za mraba 100 linaponyeshewa milimita 1,000 linatoa lita 100,000. Hata ukipoteza robo njiani, hakuna kisima cha pwani kitakachokupa maji laini kama hayo.

Wakati gani mzuri wa kuja kuona?

Juni na Julai. Masika yamekwisha, visima vimejaa, Ngezi na Jozani zinapitika, na kusi linavuma hivyo hakuna joto. Njoo na viatu vya soli ngumu, maweni hayana huruma na kandambili, na tochi yenye betri mpya.